"Mke Wangu Hana Kazi, Yupo Nyumbani Tu"

(Muhadhara uliotolewa msikitini baada ya swala ya Magharibi)

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (SW), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake, masahaba zake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma ba'ad.



Kila unapoanza mwaka wa masomo, sisi walimu wa madrasa hupokea fomu za wanafunzi wapya. Ndani ya fomu mna mahali pa kujaza kazi ya baba na mahali pa kujaza kazi ya mama. Mbele ya kazi ya baba huandikwa fundi seremala, dereva, mfanyabiashara, mwalimu. Mbele ya kazi ya mama, mara nyingi mno, huandikwa neno moja: hana. Wapo wanaopenda kufafanua zaidi, hao huandika: yupo nyumbani tu. Na mtoto mwenyewe amesimama mbele yetu, kanzu yake imefuliwa ikapigwa pasi, kucha zimekatwa, masikio ni masafi. Hajatimiza miaka mitano, hajapata kukaa mbele ya mwalimu yeyote, na tayari anaisoma Al-Fatiha yote na anajua dua ya kuingia chooni. Tukimuuliza ni nani aliyemfundisha, hujibu: mama. Basi ikiwa mama hana kazi, kazi hii ameifanya nani?

Usiku wa leo tumekusudia kulizungumza neno hilo "tu". Tunawasemesha zaidi wanaume, kwa sababu ndio wengi waliomo humu, na ndio wanaozijaza fomu. Ama suala la mwanamke anayetoka kwenda kwenye kazi ya halali, hilo lina darsa lake, na hatutaliingia leo. Maneno yetu ni juu ya mama aliyebaki nyumbani na watoto wadogo, awe amebaki kwa kupenda au kwa kukosa njia nyingine.

Hebu tuitazame siku yake moja. Tuchukue nyumba yoyote ya mtaani kwetu yenye watoto watatu: mmoja wa miezi saba anayenyonya, mmoja wa miaka miwili na nusu, na mmoja wa miaka mitano anayekwenda chekechea asubuhi na madrasa alasiri. Muadhini anapoadhini Alfajiri, mama huyu ameshaamka mara tatu usiku, na mara ya mwisho alirudi kulala saa moja tu kabla ya adhana. Anaswali huku sikio moja liko kitandani. Anawasha jiko la mkaa, anainjika uji, anachemsha maji ya kumwogesha mdogo, anamtafutia mkubwa soksi ya pili isiyoonekana. Maji ya bomba mtaani hutoka kwa zamu. Akiikosa foleni ya asubuhi, siku nzima imeharibika. Anakwenda gengeni, mmoja yuko mgongoni kwa mbeleko na mwingine amemshika mkono, na huyu wa mkononi hukaa chini kila baada ya hatua kumi. Anarudi, anachambua mchele, mdogo analia, anauacha mchele, ananyonyesha. Anaporudi kwenye mchele anaukuta umemwagwa sakafuni na yule wa miaka miwili, aliyekuwa, kwa maelezo yake mwenyewe, akimsaidia mama. Anafagia mahali alipokwisha kufagia.

Hatuyasemi haya kwa kuchekesha. Tunataka ndugu zetu waione sifa moja ya kazi hii, nayo ni kwamba huonekana pale isipofanyika. Fundi akijenga ukuta, jioni ukuta upo na kila apitaye anauona. Mama amefagia, amefua, amelisha, amesafisha, jioni nguo zimechafuka tena na matumbo yana njaa tena, na mume anarudi, anaona vyombo vitatu havijaoshwa, anauliza: "Mchana kutwa ulikuwa ukifanya nini?" Kwa hakika, swali hilo humvunja mama kuliko ndoo zote alizobeba siku hiyo. Na jambo jingine linalochosha ni kutoweza kumaliza. Kila alishikalo hulikata katikati kwa ajili ya mtoto, na akili yake hukaa mlangoni: nani yuko karibu na jiko, nani yuko karibu na ndoo ya maji. Mwanamume anayedhani hilo ni jepesi, na alijaribu Jumapili moja, kuanzia Alfajiri hadi Isha, bila ya kumwita mama mkwe.

Sasa tuwaulize wanazuoni. Wengi wetu katika nchi hizi tumesomeshwa kwa madhehebu ya Imam Shafii, tangu Safinatun-Najaa tulipokuwa wadogo hadi Minhaj tulipokua. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ametaja katika Minhaj kuwa ni wajibu wa mama kumnyonyesha mwanawe dang'a, yaani yale maziwa ya mwanzo baada ya kuzaa, na washereheshaji wakaeleza kuwa ni kwa sababu aghalabu mtoto haishi bila ya hayo. Ama baada ya dang'a, akipatikana mnyonyeshaji mwingine, mama halazimishwi. Na huyo huyo an-Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, anaifikia hadithi ya Asmaa bint Abi Bakr (RA), aliyekuwa akimlisha farasi wa mumewe Zubayr, akiteka maji, akikanda unga na akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba lililokuwa umbali wa theluthi mbili za farsakh, ambao ni zaidi ya kilomita tatu. Anaeleza kuwa kazi zote hizo za mke ni katika wema na uungwana ambao watu wameuzoea, kwamba ni hisani yake kwa mumewe, na kwamba lau angekataa kuzifanya asingepata dhambi.

Tunaona baadhi ya nyuso zimebadilika. Ndugu zetu, kauli hii haikuletwa na watu wa haki za wanawake kutoka Ulaya. Imo katika vitabu vilivyomo kwenye kabati la msikiti huu.

Upande wa pili wako wanazuoni wakubwa, miongoni mwao Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, ambaye katika Zadul-Ma'ad ametetea kuwa ni wajibu mke amhudumie mumewe kwa kadiri ya ada ya watu, akatolea hoja kwamba Mtume (SAW) alimwona Asmaa na mzigo kichwani na hakumwambia Zubayr kuwa huko ni kumdhulumu. Sisi tunaelemea kauli hii, kwani ndiyo inayokwenda na jinsi watu wanavyooana na wanavyoishi. Lakini, ewe mume, chagua kauli yoyote uitakayo kati ya hizi mbili. Ukichukua ya an-Nawawi, basi kila sahani ya wali unayowekewa ni sadaka, na mwenye kupewa sadaka haulizi kwa nini imechelewa. Ukichukua ya Ibn al-Qayyim, basi hiyo ni kazi, tena kazi ya wajibu, na aifanyaye ana haki ya kupumzika, kusaidiwa na kushukuriwa. Kauli ya tatu, kwamba ni wajibu wake kuifanya na papo hapo si kazi, hatukuikuta katika kitabu chochote.

Ndugu mmoja alitufuata baada ya darsa la namna hii akatunong'oneza: "Mwalimu, haya tusomeshe sisi, lakini wanawake usiwaambie." Tulimwambia kwamba hatukukabidhiwa elimu hii ili tuwafiche wenyewe.

Tukirudi katika Qur'ani, Sura ya Al-Baqara aya ya 233 imetaja kunyonyesha kwa miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Madaktari wa leo nao wanashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka miwili na zaidi. Aya hiyo hiyo imemuwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama kwa wema. Kisha inakuja sehemu ambayo wahubiri wengi huipita haraka: wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda huo, iwe kwa kuridhiana na kushauriana baina yao wawili. Tazameni! Jambo dogo kama la kumwachisha mtoto ziwa Allah (SW) amelifanya ni la mashauriano, na hakumpa baba aamue peke yake kwa kuwa ndiye mtoaji wa matumizi. Nasi tunao waume wanaoamua shule ya mtoto, safari ya mtoto na hata jina la mtoto, na mama akapata habari kwa jirani.

Sayyidatna Aisha (RA) aliulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini anapokuwa nyumbani. Akajibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumbani kwake, na swala ikifika hutoka kwenda kuswali. Hadithi hii ameipokea Bukhari. Katika mapokezi ya Imam Ahmad imo kwamba alikuwa akishona nguo yake na akimkamua mbuzi wake. Na Abu Qatada (RA) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (SAW) aliswali hali amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Yeye ni imamu wa waja wote na mtoto yuko begani, nasi wapo miongoni mwetu wanaoona haya kumbeba mtoto kutoka mlangoni hadi kituo cha daladala. Nani aliyetufundisha haya hiyo? Haikutoka Madina.

Kuna hadithi nyingine inayopendwa mimbarini, nayo ni ya Bibi Fatima (RA) na jiwe la kusagia. Mikono yake iliota sugu kwa kusaga. Aliposikia kuwa Mtume (SAW) ameletewa mateka, akaenda kuomba mtumishi, na katika mapokezi ya Abu Daud aliyempa wazo la kwenda ni mumewe Ali (RA) mwenyewe. Hakumkuta, akamwachia Aisha ujumbe. Usiku Mtume (SAW) akawajia hali wamekwisha lala, akakaa baina yao, akawafundisha wasabihi mara 33, wahimidi mara 33 na wakabiri mara 34 wanapokwenda kulala. Baadhi ya ndugu zetu huichukua hadithi hii wakamwambia mke aliyechoka: sabihi, tena nyamaza. Lakini waliofundishwa usiku ule walikuwa wawili, na Ali ndiye aliyesema hakuyaacha maneno hayo tangu siku ile, hata usiku wa Siffin. Na kabla ya dhikri, baba alitoka kwake usiku akamwendea binti aliyechoka na akakaa naye. Anayetaka kuifuata Sunna hii aifuate yote. Hali kadhalika ile hadithi ya Pepo na miguu ya mama, aliyoipokea an-Nasai: aliambiwa mwana aliyetaka kwenda vitani, ashikamane na mama yake. Wana ndio walioagizwa wamtumikie mama, nasi tumeigeuza kuwa maneno ya kumtuliza mama ili atutumikie.

Zamani mzigo huu ulikuwa na wabebaji wengi. Mwanamke alizaa akiwa katika nyumba yenye bibi, shangazi na mawifi. Arubaini yake ilikuwa ni siku 40 za kukandwa kwa maji ya moto, kuletewa uji wa pilipili manga, na mtoto kupokezanwa. Leo kijana ameoa, amehamia mjini, amepanga chumba na sebule, na mama mzazi yuko safari ya siku nzima. Akija, hukaa wiki mbili akarudi kwenye shamba lake. Arubaini imebaki jina. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa mwajiriwa aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Baba naye akapewa siku 3. Mama wa nyumbani hana mwajiri, kwa hiyo hakuna aliyemwandikia hata siku moja. Likizo yake ataipata kwa mumewe au hataipata.

Hapa tuseme jambo ambalo baadhi ya wazee wetu hawalipendi. Mwanamke aliyejifungua kulia siku za mwanzo bila ya sababu inayojulikana ni jambo la kawaida, na aghalabu huondoka ndani ya wiki mbili. Ikiwa imepita wiki mbili na bado analia, halali hata mtoto akilala, hali, hamtaki mtoto, au anasema afadhali angekufa, basi huyo ni mgonjwa. Si mvivu, si mkosefu wa imani. Na wala msikimbilie kusema ana jini, mkampeleka kwa mganga akafungwe hirizi na kuchinjiwa kuku mweusi. Hiyo ni shirki, na juu yake ugonjwa hubaki pale pale. Msomeeni Qur'ani, kwani ni ponyo, na siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali. Akisema habari ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata saa moja. Mama hufa kwa maradhi haya, na sisi tuko barazani tunabishana kama ni jini wa bara au wa pwani.

Katika ibada pia mama huyu ana huzuni yake. Tunapata maswali kupitia kwa waume: alikuwa akisimama usiku na akihitimisha Qur'ani, na sasa hata rakaa mbili za sunna humshinda, na nguo yake haikosi mkojo wa mtoto. Tunamjibu hivi. Mtoto wa kiume ambaye hajala chakula, anayeishi kwa maziwa tu na hajafika miaka miwili, mkojo wake hunyunyiziwa maji yakaenea mahali pake, kama alivyofanya Mtume (SAW) mtoto wa Umm Qays bint Mihsan alipomkojolea. Wa kike huoshwa. Mahanbali wamemruhusu mama anyonyeshaye, ikimwia mashaka kutwaharisha nguo kwa kila swala, akusanye Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Ni ruhusa ya wakati wa dhiki, isifanywe mazoea. Akimkosa nafasi ya msahafu, amsomee mtoto sura fupi anapombembeleza. Ndivyo walivyohifadhi wengi wa wanafunzi wetu kabla ya kutufikia.

Na anapomleta mtoto msikitini, tumstahi. Mtume (SAW) alikuwa akiingia katika swala akitaka kuirefusha, akisikia kilio cha mtoto huifupisha kwa kumwonea huruma mama yake. Hakusema mtoeni. Wapo hapa wanaogeuka hata kabla ya salamu ya pili kutazama ni mtoto wa nani.

Ama matumizi, tutayataja kwa ufupi. Hind bint Utba alishtaki kuwa mumewe Abu Sufyan ni mzito wa mkono, Mtume (SAW) akamruhusu achukue katika mali yake kiasi kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Matumizi ni haki. Yasihesabiwe mbele ya watoto, na mama asiombe mafuta ya kujipaka kama aombaye mkopo. Anayeweza kumtengea mkewe chochote kwa mwezi kiwe chake mwenyewe, asikiulize kimekwenda wapi, na akitenge.

Mnatuuliza, basi tufanye nini? Hatuna mengi. Jaza madumu ya maji kabla ya kwenda kazini. Mpeleke mkubwa madrasa, umrudishe. Baada ya Isha mchukue mdogo kwa saa mbili, mama alale, na simu uiweke mbali. Uliza ulizeje siku ya watoto, na jibu ulisikilize mpaka mwisho hata kama ni habari ya mchele uliomwagika.

Lililobaki ni hili. Darsa la akina mama la Jumamosi limekuwa likihudhuriwa na mabibi na wasichana. Wenye watoto wadogo hawaonekani, nao ndio wenye maswali mengi. Kamati imekubali kuwa kuanzia Jumamosi ijayo darsa litaanza saa tatu na kumalizika saa tano asubuhi, na watoto watabaki na baba zao. Wale ambao Jumamosi wako kazini, tumepata vijana wanne wa darasa la juu na wazee wawili watakaokaa na watoto katika ukumbi wa madrasa. Tunahitaji wengine sita, mikeka miwili na ndoo ya maji ya kunywa yenye mfuniko. Wanaojitolea wampe katibu majina yao usiku huu kabla ya kuondoka. Na watoto wanaonyonya waingie darasani na mama zao, wakilia walie.

Wabillahi tawfiq.